Kutoka Munyonyo hadi Namugongo

Wengi wanaoijua habari ya Mashahidi wa Uganda huijua kuanzia kwenye moto. Kila tarehe 3 Juni mahujaji hufurika Namugongo, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania, na macho yote huelekea pale Karoli Lwanga, kiongozi wao, alipochomwa. Mimi nilitaka kuanzia nyuma kidogo, Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, kisha niifuate njia waliyopitishwa vijana wale wakiwa wamefungwa kamba. Kati ya hukumu na moto zilipita siku nane, na katika siku hizo ndimo imani yao ilimojaribiwa.

Tarehe 25 Mei 1886 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alirudi Munyonyo kutoka kuwinda viboko, akakuta vijana wake wa ikulu hawapo. Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha mwenzake dini; Kabaka akamchoma mkuki. Usiku ule Lwanga aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa bado, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka 14 hivi. Wasomaji hao, kama walivyoitwa Buganda, walikuwa na deni kwa pwani yetu: vitabu vya kwanza vya dini vilivyowafikia vilikuwa vya Kiswahili. Asubuhi Kabaka aliwaamuru wanaosali wajitenge na wengine. Wakajitenga. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alikuwa pale nje akitafuta kuonana na Kabaka, akawaona wakipitishwa mbele yake wakiwa wamefungwa. Hakuweza kuwasaidia.

Andrea Kaggwa, mmoja wa waliokamatwa, hakufika mbali. Inasimuliwa kwamba Katikkiro, waziri mkuu wa Kabaka, aliapa hatakula mpaka aletewe mkono wa Kaggwa, basi wauaji wakammaliza papo hapo Munyonyo. Gonzaga Gonza alianguka Lubowa tarehe 27, miguu ikiwa imechanwa na pingu hata hawezi hatua nyingine, akachomwa mikuki.

Lakini mahali panaponisumbua zaidi ni Kampala ya Kale. Matia Mulumba, mtu mzima mwenye familia, alikataa kuendelea na safari. Kama ni kufa, kwa nini wasimwue hapo hapo? Aliwaaga wenzake kwa ahadi ya kuonana mbinguni. Wauaji walimkata mikono na miguu, wakamtoa vipande vya nyama mgongoni, wakamwacha hai. Siku kadhaa baadaye watu waliokuja kukata matete walimsikia akiomba maji. Wakakimbia kwa hofu. Alikufa peke yake tarehe 30 Mei.

Nimewahi kusikia mahubiri yanayoyasifia mateso kana kwamba ni zawadi, na kwa habari ya Mulumba siwezi kuyakubali. Kiu yake ilikuwa kiu, wala hakuna aliyemletea maji. Kitu pekee alichokuwa nacho ni ile ahadi aliyowapa wenzake, na waliomsikia waliibeba wakaendelea nayo njiani. Wakristo hawasemi kwamba maumivu ni mema. Wanasema aliyesulubiwa naye alisema ana kiu, kwa hiyo hakuna shimo la mateso ambalo Mungu hajawahi kulifikia. Kwangu hoja hiyo ina uzito Kampala ya Kale kuliko chini ya paa la basilika ya Namugongo.

Huko Namugongo waliobaki walisubiri karibu wiki nzima huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni 1886 ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana. Lwanga alitengwa na kuchomwa taratibu kuanzia miguuni. Wengine walifungwa ndani ya matete. Mbaga Tuzinde, jamaa wa Mukajanga aliyekuwa mkuu wa wauaji, alipigwa shingoni kwanza ili asiungue akiwa hai. Katika habari yote hii ya kikatili, hiyo ni moja ya huruma chache zilizoonyeshwa na wauaji siku hiyo. Wakatoliki 13 walikufa hapo, pamoja na Waanglikana. Na hapo hapo, miaka kama kumi kabla, Kabaka Mutesa alikuwa amewaua Waislamu kwa ajili ya imani yao. Vijana watatu walinusurika, mmoja wao Denis Kamyuka, na kupitia kwao tunajua mengi ya siku zile.

Nakivubo, jijini Kampala, niliiacha makusudi mpaka mwisho. Leo pana soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni la Mtakatifu Balikuddembe, na wachuuzi wa mitumba hulitaja kutwa nzima bila kufikiria. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkuu wa ikulu, aliuawa huko mapema zaidi, tarehe 15 Novemba 1885, kwa kumlaumu Kabaka kwa mauaji ya Hannington, askofu Mwanglikana. Ujumbe wake wa mwisho, kwa mujibu wa masimulizi, ulikuwa kwa Mwanga mwenyewe: umenihukumu bila haki, nimekusamehe, lakini utubu.

Mwanga alikamatwa na Waingereza mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Huko alibatizwa akapewa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Sehemu hii ya habari sijawahi kuisikia ikihubiriwa tarehe 3 Juni, nadhani kwa sababu tunapenda muuaji wetu abaki muuaji. Balikuddembe aliomba jambo tofauti.