Kitabu Chembamba cha Mzee Mstaafu

Kila ninapokirudia kitabu cha Mwalimu Nyerere, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, najiuliza swali lile lile: mzee huyu alikuwa anashauri au anaamuru?

Urais alikuwa ameuacha 1985, uenyekiti wa CCM 1990. Agosti 1993 Bunge likapitisha hoja ya wabunge 55, wale walioitwa G55, kudai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Sera ya chama ilikuwa serikali mbili, ila Serikali ya chama hicho hicho haikuipinga hoja. Mwalimu hakuwa na kura bungeni. Akashika kalamu. Kitabu kikachapishwa Harare 1994. Jioni moja unakimaliza.

Wengi hukitaja kama kitabu cha Muungano. Mimi nakisoma zaidi kama kitabu cha uwajibikaji. Anawataja kwa majina Waziri Mkuu, John Malecela, na Katibu Mkuu wa chama, Horace Kolimba, wala hamung'unyi maneno: kama sera uliyokabidhiwa huiamini tena, sema wazi, kisha uondoke. Na mfano ulikuwa Ikulu kwenyewe! Rais Ali Hassan Mwinyi, miaka ya 1970 akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa dola kule Shinyanga. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Waliofanya walikuwa chini yake, basi, akaona inatosha.

Hapo niko na Mwalimu kabisa. Ninapokwama ni kwenye uzito wa sauti yake. Huyu ndiye aliyetafsiri Juliasi Kaizari, mchezo ambao umati unageuzwa mara mbili kwa hotuba mbili, tena kwa muda mfupi tu. Nguvu ya maneno aliijua. Mwaka 1994 Bunge likarudi nyuma kuhusu Tanganyika, na Desemba uwaziri mkuu ukaenda kwa Cleopa Msuya. Kura ya maoni ya nchi nzima haikupigwa.

Hata hivyo, angeweza kuishia kwenye vikao vya faragha, na sisi tusingejua kitu. Aliyaweka hadharani, kwa Kiswahili ambacho hata asiyesoma sana anakielewa, na anayempinga akapata pa kumshika. Shida ni kwamba mtu unayemwita Baba wa Taifa unamjibuje?

Jibu lilichelewa karibu miaka 20. Mwaka 2013 Tume ya Mabadiliko ya Katiba ikapendekeza serikali tatu. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Joseph Warioba, Mwanasheria Mkuu wa enzi za Mwalimu mwenyewe. Mwaka uliofuata, Bunge Maalumu likaliondoa pendekezo hilo.