Mifereji na njia za maji za viwandani katika bonde la Sigi

Mfereji ni njia iliyochimbwa na watu ili kupeleka maji, au vyombo vya majini, mahali ambapo mto haufiki. Njia ya maji ya kiwandani hutumikia mitambo: kuizungusha, kuosha malighafi au kuondoa taka. Zote mbili huweza kuchimbwa kwa jembe lilelile. Tofauti iko katika kazi ya maji, na zaidi katika hali yanayorudi nayo mtoni.

Milima ya Usambara haina mfereji wa meli kama ule wa Suez uliofunguliwa 1869. Mto Sigi, ambao wengine huuandika Zigi, huporomoka kutoka misitu ya Amani hadi Bahari ya Hindi kaskazini ya jiji la Tanga, na maporomoko yake hayapitishi mashua. Ndiyo maana Wajerumani, walipotaka kuteremsha magogo, walijenga reli nyembamba ya kilomita 23 hivi kati ya Tengeni na Sigi, iliyokamilika 1910.

Mifereji ya milima hii ni ya wakulima. Kwenye mabonde ya Lushoto kijito hukingwa juu, maji yakafuata ubavu wa mlima mpaka kwenye matuta ya kabichi na karoti. Mwenye zamu huzibua kwa jembe. Akishamwagilia huziba kwa udongo, maji yakaenda kwa jirani. Yanayobaki hurudi kijitoni yakiwa bado maji ya kutumika.

Korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi za mkonge, ni habari nyingine. Jani hupondwa na kuparwa huku likimwagiwa maji mengi. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Sehemu kubwa ya kilichobaki hutoka nyuma ya kiwanda kama makapi na maji ya kijani yenye asidi. Yakiingia mtoni huoza, humaliza oksijeni na kuua samaki. Huko Hale, katika bonde jirani la Pangani, makapi hayo yamewahi kugeuzwa gesi ya kuzalisha umeme, na hiyo ni njia bora kuliko kuuachia mto mzigo wote.

Kwa Sigi jambo hili ni zito, kwa sababu bwawa la Mabayani, lililojengwa 1978, hukusanya maji ya mto huu kwa ajili ya mabomba ya Tanga. Kila mfereji wa taka unaofunguliwa juu ya bwawa huongeza kazi ya kuyasafisha maji hayo kabla hayajamfikia mnywaji.