John Parr, mwendesha baiskeli wa Mons

Mwaka 1912 jeshi la Uingereza lilimtaka kuruta awe ametimiza miaka 18. John Henry Parr alikuwa na miaka 15. Alipoulizwa umri wake alijibu kuwa ana miaka 18 na mwezi mmoja. Naona huo mwezi wa nyongeza ndio unaomfichua, kwa kuwa mtu mzima hutaja miaka yake akanyamaza. Anayehesabu na miezi ni mtoto. Kimo chake kilikuwa kama sentimita 160 na uzito wake kilo 54 hivi. Fomu ikajazwa, ikapigwa muhuri, na kijana akapewa sare.

Alizaliwa Julai 1897 huko Finchley, kaskazini mwa London. Baba yake alikuwa muuza maziwa, na watoto kadhaa wa nyumba ile walifariki wangali wachanga. John alifanya kazi buchani, kisha akawa anawabebea matajiri fimbo zao kwenye kiwanja cha gofu. Kwa kijana wa namna hiyo jeshi lilikuwa chakula cha uhakika, viatu vizima na nafasi ya kuiona dunia. Akapangiwa Batalioni ya 4 ya Rejimenti ya Middlesex, askari wa miguu. Wenzake walimbandika jina la "Mzee Parr", yasemekana kwa kumkumbuka Thomas Parr, Mwingereza wa karne ya 17 aliyedaiwa kuishi miaka 152 na kuzikwa Westminster Abbey. Mzee wao huyu hakuwa hata na ndevu.

Tarehe 4 Agosti 1914 Ujerumani iliivamia Ubelgiji, na usiku huohuo Uingereza ikaingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Askari alitakiwa awe na miaka 19 kabla ya kupelekwa ng'ambo. Parr alikuwa na 17, lakini ule umri wa mwaka 1912 ulikuwa umekua pamoja naye ndani ya makaratasi, na kwa hesabu ya jeshi alikuwa na 20. Katikati ya mwezi batalioni yake ilivuka bahari hadi Boulogne, Ufaransa, ikaelekea kaskazini. Kufikia tarehe 21 ilikuwa karibu na Mons, mji wa migodi ya makaa ya mawe nchini Ubelgiji.

Kazi ya Parr ilikuwa baiskeli. Siku hizo ndege za upelelezi zilikuwa chache na redio ya kubeba mgongoni haikuwepo, kwa hiyo kamanda aliyetaka kujua adui amefika wapi alimtuma mtu akaangalie kwa macho yake. Farasi anataka majani na maji, na kwato zake husikika kwa mbali. Baiskeli haina kelele na haichoki. Ubaya wake ni kwamba aliyeipanda hutangulia mbele ya jeshi zima akiwa na bunduki yake tu, katika barabara asiyoifahamu, na akikutana na adui hana ukuta wa kujificha wala mtu wa kumwita.

Tarehe hiyo ya 21 Agosti alitumwa na mwenzake mmoja kwenda kijiji cha Obourg, kaskazini mashariki mwa Mons. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba walikutana na doria ya Wajerumani wapanda farasi. Ilibidi mmoja arudi na habari, mwingine abaki kuwazuia. Parr akabaki, akipiga risasi, mpaka akauawa. Ndiyo maana anahesabiwa kuwa askari wa kwanza wa Uingereza kuuawa na adui katika vita ile upande wa Ulaya. Wapo watafiti wanaoitilia shaka simulizi hiyo: huenda alipigwa na wenzake kwa bahati mbaya, au alikufa siku mbili baadaye kwenye mapigano makubwa. Sababu ya shaka yao ni nzito. Baada ya siku mbili hizo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtafuta.

Kwani tarehe 23 Agosti jeshi kubwa la Wajerumani liliufikia mfereji wa Mons. Batalioni ya Parr ilikuwa imewekwa mahali pabaya kuliko pote, pale mfereji unapopinda kati ya Nimy na Obourg, ambapo adui angeweza kupiga kutoka pande zaidi ya moja. Ilipoteza zaidi ya watu 400 kwa siku moja, waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Waingereza wakarudi nyuma kwa majuma mawili hadi karibu na Paris, na ardhi alipolala Parr ikabaki mikononi mwa Wajerumani kwa miaka minne. Huko Finchley barua zake zilikoma. Mama yake, Alice, alipoandika kuuliza mwanawe yuko wapi, jeshi halikuweza kumjibu.

Leo kaburi lake lipo katika makaburi ya Saint-Symphorien, mashariki kidogo ya Mons. Makaburi hayo yalianzishwa na Wajerumani wenyewe. Mwenye shamba, Jean Houzeau de Lehaie, aliwapa ardhi kwa sharti kwamba maiti wa pande zote mbili waheshimiwe sawa. Wajerumani wakakubali, wakazika, na hata wakasimamisha mnara kwa heshima ya askari wa Middlesex waliopigana nao. Wamelala hapo Wajerumani 284, na upande wa Uingereza na himaya yake watu 229. Hatua chache kutoka kwa Parr amezikwa George Ellison wa Leeds, Mwingereza wa mwisho kuuawa vitani, aliyepigwa risasi saa tatu na nusu asubuhi tarehe 11 Novemba 1918. Yupo pia George Price wa Kanada, aliyeuawa siku hiyohiyo zikiwa zimebaki dakika mbili silaha ziwekwe chini. Jiwe la Parr linasema alikuwa na miaka 20.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza huyu ni wa kwanza kwa hesabu ya nani. Tarehe 7 Agosti, wiki mbili kabla ya Obourg, Alhaji Grunshi, askari Mwafrika wa Rejimenti ya Gold Coast, alifyatua risasi huko Togo, naye ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kufanya hivyo katika jeshi la Uingereza vita ile. Siku iliyofuata manowari ya Kiingereza iliishambulia Dar es Salaam kwa mizinga. Tarehe 15 Wajerumani waliiteka Taveta. Na Ellison na Price walipokwisha kuzikwa, huku kwetu askari walikuwa bado na bunduki mikononi, kwa sababu kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, hakusalimisha silaha hadi tarehe 25 Novemba, Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia.

Tume ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka 1917 kwa kanuni moja njema: kila aliyekufa apate jina lake kwenye jiwe au ukutani, awe jenerali au kuruta. Kwa kanuni hiyo, mtoto wa muuza maziwa, ambaye kifo chake hakikuwa na shahidi wa kuaminika, alipata jiwe. Makumi ya maelfu ya wapagazi na askari wetu waliokufa kwa malaria, kuhara damu na njaa hawakupata. Tulipewa sanamu ya Askari, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, isiyo na jina hata moja la marehemu. Aprili 2021 Tume yenyewe ilikiri katika ripoti yake kwamba watu 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi wa rangi ulichangia. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni.

Nami nasema radhi hiyo ifuatwe na kazi. Wapagazi waliandikishwa, wakapewa namba, na kwa wengi ujira uliosalia baada ya kifo uliandikwa vitabuni ukisubiri ndugu. Tume imeanza kupekua makaratasi ya namna hiyo nchini Kenya. Yapekuliwe na ya Tanzania, wilaya kwa wilaya, na koo ziulizwe kuhusu wazee wao waliochukuliwa na hawakurudi.