Moyo Unaosomwa kwa Miaka

Mwaka 1887, jijini London, Augustus Waller aliunasa umeme wa moyo wa binadamu, ila michoro aliyoipata ilikuwa hafifu mno kumfaa mgonjwa. Chombo cha kuaminika kilitoka kwa Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20. Kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, kikiendeshwa na watu watano, huku mgonjwa ametumbukiza mikono na mguu mmoja katika ndoo za maji ya chumvi. Kwa kazi hiyo Einthoven alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, husema moyo ulivyo siku ile. Kwa magonjwa ya misuli ya moyo yanayorithiwa, hilo halitoshi, na tiba ilichelewa kulitambua. Mwaka 1958 Donald Teare, mwanapatholojia wa London, alieleza vijana waliokufa ghafla, kuta za mioyo yao zikiwa zimenenepa upande mmoja. Yeye aliwakuta wakiwa maiti. Swali lililobaki ni nani angeweza kuwatambua mapema, tena kwa kipimo gani.

Jibu ninalolithamini kuliko yote lilitoka kisiwa cha Naxos, Ugiriki, kwa ugonjwa mwingine wa misuli ya moyo unaorithiwa. Mwaka 1986 Nikos Protonotarios na wenzake walieleza familia ambazo baadhi ya watoto huzaliwa na nywele za sufu, kisha ngozi ya viganja na nyayo ikawa nene mara wanapoanza kutumia mikono na miguu. Moyo huugua baadaye, mara nyingi kufikia ujana. Madaktari wakapata nafasi adimu: walimjua atakayeugua kabla moyo haujaonyesha dalili, wakamfuatilia tangu utotoni.

Kufuatilia huko kunahitaji jicho makini. Mtoto mdogo mwenye afya huwa na mawimbi ya T ya ECG yanayotazama chini kwenye nyaya za kifua V1 hadi V3; akikua, huinuka. Yakibaki chini baada ya miaka 14, huenda misuli ya upande wa kulia imeanza kugeuka makovu na mafuta. Mchoro uleule, usio na neno kwa mtoto wa miaka 6, ni onyo kwa kijana wa miaka 16.

Kupima mapema huokoa pia wanamichezo: Italia iliweka sheria ya kuwapima mwaka 1982, na kipimo hurudiwa kila mwaka. Mkoani Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kutoka 3.6 hadi 0.4 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Siwezi kuzisoma takwimu hizo bila kumkumbuka mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyeanguka uwanjani Lyon na kufariki tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulikuta misuli ya moyo wake imenenepa.

Jeni la kwanza la ugonjwa huo wa kunenepa kwa misuli ya moyo lilitambuliwa mwaka 1990. Jeni hueleza nani yumo hatarini. Halisemi ni lini, hivyo ndugu wa mgonjwa huendelea kupimwa tena na tena, watoto kwa karibu zaidi kuliko watu wazima. Na mgonjwa mwenyewe asiachwe. Baada ya miaka mingi mawimbi marefu ya ECG yake huweza kufupika, akadhaniwa amepata nafuu, kumbe makovu yamechukua nafasi ya misuli. Daktari mwenye karatasi ya kwanza mkononi hulitambua hilo.