Weedhopper JC-24: Ndege Iliyouzwa Vipande

John Chotia aliisanifu ndege hii ya mtu mmoja mwaka 1977, huko Utah, Marekani. Mnunuzi aliletewa vipande, akaviunga mwenyewe kwa bolti. Kiunzi ni mabomba ya alumini. Mabawa ni kitambaa cha Dacron, ambacho pia hushonewa matanga.

Tazama mabawa yenyewe: hayana vibao vya kuinamisha ndege. Hapa ndipo ulipo ujanja wake. Rubani akilaza fimbo kushoto, kinachogeuka ni usukani wa mkiani tu. Pua huelekea kushoto, na kwa kuwa mabawa yameinuka kama herufi V iliyopanuka sana, bawa la kulia hubebwa zaidi na upepo, likapanda, na ndege ikakata kona. Fimbo hiyohiyo ikivutwa nyuma huinua pua. Vipande ni vichache na uzito ni mdogo, ila kutua kwenye upepo wa ubavuni ni shughuli pevu.

Injini ya silinda moja pia ilikuwa kazi ya Chotia. Alifariki 1981 akijaribu ndege nyingine. Mwaka uliofuata, Marekani iliweka kikomo cha uzito wa ndege kama hizi bila rubani wala mafuta: kilo 115.