Jina la wingu lisilotulia

Desemba 1802, mtengenezaji dawa Luke Howard alisoma makala jijini London akiyapa mawingu majina ya Kilatini. Yale membamba ya juu kabisa aliyaita cirrus, yaani nywele zilizojikunja. Leo twajua nywele hizo ni chembe za barafu zinazoanguka huku zikiburutwa na pepo za kasi tofauti.

Mwaka uo huo Mfaransa Lamarck naye alikuwa na orodha yake, kwa Kifaransa. Ikasahaulika. Eti Kilatini ndicho kilichomshindia Howard! Kilisaidia, naam, lakini kubwa zaidi, naona, ni kwamba alikubali wingu hugeuka, akaunganisha majina: cirrostratus, cirrocumulus. Hadi leo wanaopima kwa rada misukosuko ndani ya barafu hiyo huiita kwa jina alilolichagua yeye.