Sumu Iliyogeuka Dawa
Desemba 1895, kijijini Ellezelles, Ubelgiji, wanamuziki waliopiga kwenye maziko walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Watatu walifariki. Profesa Émile van Ermengem wa Gand aliichunguza nyama ile, akagundua bakteria itoayo sumu inayolegeza misuli hata pumzi ikakatika.

Mwaka 1980, huko Marekani, daktari Alan Scott alitangaza kwamba tone dogo mno la sumu hiyohiyo, likidungwa kwenye msuli unaovuta jicho, huponya makengeza. Mwaka 1989 serikali ya huko iliikubali kuwa dawa.

Sumu ni ileile. Aliyeipima kwa subira ndiye aliyeifanya iponye. Nasi tujiulize: elimu tunayoipata, tunaipimia nani?